Ruzuku za utafiti wa afya ya mama na mtoto: tumemwachia nani?



Alitujia msikitini baada ya Swala ya Alasiri mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye tulimfundisha Juzuu Amma kabla hatujasafiri kwenda kusoma katika nchi za Kiarabu. Leo yeye ni mkunga mwenye shahada, na yuko chuo kikuu akisomea shahada ya uzamili. Mkononi alikuwa na tangazo la chuo lililowaalika wanafunzi na wahadhiri vijana kuomba ruzuku ndogo za utafiti wa afya ya mama na mtoto, na pamoja nalo fomu ya ridhaa aliyoifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. "Ustadh," akasema, "naomba uisome kama mtu asiyejua kitu." Tukaisoma mara mbili, na kwa kweli hatukuelewa kitu. Tukamwuliza: ikiwa sisi tuliokesha na vitabu vya nahau hatufahamu unaloliomba, je, mama aliyejifungua jana ataridhia nini?

Swali alilotaka kulitafiti lilikuwa hili: kwa nini akina mama wa mitaa yetu huondoka kituo cha afya saa chache tu baada ya kujifungua, na ni nani anayemwangalia kichanga katika siku zake za mwanzo? Huenda msomaji akaliona ni jambo dogo. Sisi pia tuliliona hivyo mpaka alipotuonyesha takwimu za taifa. Katika utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai hapa Tanzania, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano; katika utafiti wa mwaka 2022 idadi ikashuka hadi 43. Wanaojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kisha vikakadiriwa kuwa 104. Hayo yote ni ya kushukuriwa. Lakini vichanga wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa 25 katika kila 1,000, na baada ya miaka yote hiyo wakawa 24.

Ishirini na tano, kisha ishirini na nne! Mama amekubali kwenda kituoni kama alivyohimizwa, watoto wakubwa wanapona, na kichanga amebaki karibu pale pale. Ni nani atakayetueleza sababu? Hapana shaka kwamba wako wataalamu wanaolishughulikia jambo hili, wa hapa nchini na wa kutoka mbali. Lakini anayejua kwamba katika mtaa wetu mzazi hurudishwa kwa mama yake, kwamba bibi ndiye anayeamua kitovu kipakwe nini, na kwamba gari la kukodi husubiri nje likihesabu dakika, ni yule mkunga aliyezaliwa humu. Naye ndiye asiyeomba.

Kwa nini haombi? Sababu mojawapo ni kudhani kwamba andiko la kuomba ruzuku ni barua ya kuomba sadaka, na mwenye haya hapendi kuomba. Sivyo. Mwombaji hasemi "nisaidieni". Husema kwamba kuna jambo lisilojulikana, kwamba yeye anaweza kulijua, na kwamba hii ndiyo njia atakayoifuata. Huanza kwa kueleza waliotangulia wamesema nini na ushahidi wao una nguvu gani. Sisi tuliokaa mbele ya masheikh wa hadithi kazi hii hatuioni ngeni: nani kasema, kapokea kwa nani, na mnyororo umekatika wapi. Pale ulipokatika ndipo penye swali lake. Kisha hueleza atawahoji akina mama wangapi, na kwa nini idadi hiyo wala si nusu yake, nani atachambua majibu, kazi itachukua miezi mingapi, na kila shilingi itakwenda wapi. Juu ya yote hayo lazima apate kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kwani hairuhusiwi mtu kumwendea mzazi na karatasi za maswali kwa sababu tu ana shahada.

Andiko la kwanza la mwanafunzi wetu halikuwafikia hata wapitiaji. Lilihitaji saini ya ofisi moja. Karatasi zikalala mezani, na saini ilipopatikana tarehe ya mwisho ilikuwa imepita jana yake. Katika awamu iliyofuata liliwafikia, nao wakalikataa. Waliandika kwamba swali ni pana mno, kwani alikusudia kuuzunguka mkoa mzima, na kwamba bajeti ina nauli na makaratasi lakini haina senti moja ya mtaalamu wa takwimu. Binti wa watu alilia. Sisi tulipoyasoma maoni yale tuliona kwamba katika hili la pili wametenda haki. Mkoa mzima, mtu mmoja, kwa miezi sita! Tulimshauri achague vituo viwili, na aulize juu ya siku saba za mwanzo tu. Mwaka 2008 taasisi ya Bill na Melinda Gates ilianzisha ruzuku zilizoombwa kwa andiko la kurasa mbili, bila kudai matokeo ya awali, na aliyefaulu alipewa dola 100,000 kwa kuanzia. Kurasa mbili! Anayeweza kulisema swali lake kwa kurasa mbili amekwisha kulifahamu.

Sasa tuseme la upande wetu, nalo ni chungu. Alipohitaji barua ya viongozi wa mtaa ya kukubali utafiti ufanyike, wazee wawili wa msikiti walisema kwamba watu hawa hutafuta damu za wake zetu wakaziuze. Hatuwezi kuwalaumu peke yao, kwani miaka ya nyuma sisi wenyewe tulilisema jambo hilo mbele ya watu baada ya darsa, na hatukuwa na ushahidi wowote ila tuliyoyasikia barazani. Tulifundishwa kudai mnyororo wa kila riwaya, kisha tukaipitisha riwaya isiyo na mnyororo. Tunawaomba radhi waliotusikia siku ile.

Hatusemi kwamba hofu haina msingi kabisa. Watazame ndugu zetu wa Pemba. Huko, watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi 35 walipewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, navyo vilidhaniwa kuwa ni kheri tupu kwa mtoto mwenye upungufu wa damu. Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu ilionekana kwamba waliopewa walikuwa katika hatari zaidi ya kulazwa au kufariki, kwa kiasi cha asilimia 12. Matokeo ya watoto 24,076 yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, na Shirika la Afya Duniani likabadili nasaha zake kwa nchi zenye malaria kali. Mwenye shaka atasema: mnaona, watoto wetu walijaribiwa! Tunamjibu: ni kweli, na ndiyo maana ni lazima awepo mtu wetu katika chumba ambamo swali linatungwa na usalama unapangwa. Lakini afikirie pia kwamba vidonge hivyo vingeendelea kugawiwa ovyo kwa watoto wenye malaria laiti pasingepatikana mtu wa kuhesabu.

Liko na jambo la wakati huu. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifunga shirika lake la misaada la USAID, na mpango uliokuwa ukigharamia takwimu kama zile tulizozitaja ukasitishwa, ingawa baadaye wafadhili wengine waliokoa sehemu yake. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, taasisi za taifa za afya za nchi hiyo zilitangaza kusimamisha ruzuku mpya zinazopitia chuo cha Marekani kwenda kwa mshirika wake wa nje. Waliozoea kuwa tawi la mtu mwingine walijikuta hawana shina. Wenye kuomba kwa majina yao na ya vyuo vyao wana njia nyingine za kubisha, japokuwa ni nyembamba.

Na kwa nini mlango wa kwanza usiwe wetu? Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284 aliiwekea wakfu wa kuiendesha. Sisi hatuna mali ya Qalawun. Lakini mwanafunzi wetu, ili ajaribu maswali yake kwa akina mama wachache kabla ya kuandika upya, alihitaji nauli ya bodaboda na fedha za kutoa nakala tu, na kiasi hicho hukusanywa msikitini siku moja ya Ijumaa pasi na mtu kuhisi. Kilikusanywa. Mmoja wa wale wazee wawili alitoa.

Ile fomu tuliiandika upya pamoja naye na mama mmoja muuza vitumbua, ambaye kila aliposema "hapa sijaelewa" tulifuta. Sasa inaanza kwa kumwambia mzazi kwamba anaweza kukataa, na kwamba akikataa yeye na mtoto wake watahudumiwa vile vile. Mume haombwi saini, na juu ya hilo tulibishana na baadhi ya ndugu usiku mzima. Andiko la tatu limepelekwa, majibu bado. Wenye shahada za afya miongoni mwenu, waume kwa wake, walio na swali lakini hawajui waanzie wapi, chumba cha madrasa kiko wazi kila Jumamosi baada ya Swala ya Isha. Yeye mwenyewe huwapo, na maoni ya wapitiaji waliomkataa ameyabandika ukutani.