Jumatatu siyo siku ya tatu

Kwa wakaaji wengi wa Kivu, juma linahesabiwa tangu kazi inapoanza: kisha siku ya Mungu inakuja siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Kiswahili cha pwani kinahesabu tangu jumamosi. Kwa hiyo jumatatu yao ni siku yetu ya kwanza, na siku yetu ya tatu wanaiita jumatano. Lugha ni moja, hesabu ni mbili.

Zamani tofauti hiyo ilimalizika katika mazungumzo. Leo inaingia katika simu, sababu hospitali, masomo na benki zinatuma tarehe kwa intaneti. Mama anayesoma «jumatatu» na kuelewa siku ya tatu, atafikisha mtoto kwenye chanjo siku mbili baada ya ile aliyopangiwa.

Watengenezaji wengi wa tovuti wanaacha tarehe kwa Kifaransa kwa kuwa ni rahisi. Sababu hiyo haina nguvu tena. Majina ya siku, miezi na lugha yamekwisha kukusanywa katika hazina ya CLDR, inayosimamiwa na shirika la Unicode, na vivinjari vya kawaida vinaitumia. Kiswahili cha Kongo kina alama yake humo: sw-CD. Programu ikitumia alama hiyo, tarehe inatoka kwa Kiswahili bila mtu kuandika miezi yote kwa mkono.

Lakini alama peke yake haitoshi, kwani mashine haijui msomaji anahesabu tangu siku gani. Kila tangazo liweke yote pamoja: «jumatatu tarehe 3 Machi 2025». Kuandika 3/4 tu ni hatari: kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Na orodha ya lugha iandike «Kiswahili», isiweke bendera ya nchi nyingine.

Unicode inapokea mapendekezo ya wasemaji. Vyuo vikuu vya Bukavu, Goma na Lubumbashi vipeleke ya kwetu.

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na inaipa serikali kazi ya kuzikuza bila ubaguzi. Basi ianzie kwenye tovuti zake yenyewe. Raia asiyesoma Kifaransa ana haki ya kujua ni siku gani anaitwa.