KIOO CHA MCHORAJI: JE, NI HILA?

Watu waonapo picha iliyochorwa kwa mkono, nayo imefanana na mwenye sura hata mtu hudhani itasema, husifu sana kipaji cha mchoraji. Lakini wakiambiwa kwamba mchoraji huyo alitumia kioo, hugeuka mara moja. “Kumbe ni hila tu!” husema, na sifa zote hufutwa. Juma hili, wasomaji wangu, nataka tulipime neno hilo, kwa maana wako vijana wengi walioacha kuchora kwa kuamini kwamba mkono wao haukuzaliwa na kazi hiyo, na wengine wachorao kwa kioo kwa siri kama wezi.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Ni kioo kidogo, kipana kama kibiriti, kilichofungwa kwenye kijiti au waya mgumu. Karatasi yako hulala juu ya meza. Mbele yako, sanduku husimamishwa, na juu yake huwambwa picha ya kamera unayotaka kuifuata, nayo huwekwa kichwa chini miguu juu. Kioo hukaa hewani kati ya jicho lako na karatasi, kwa mwinamo wa digrii 45. Ukitazama chini kwa jicho moja, ndani ya kioo waona kipande cha ile picha, kimesimama vizuri. Na palipo ukingo wa kioo, hapo hapo waona karatasi yako. Pima umbali kutoka kioo hadi picha, na kutoka kioo hadi karatasi. Ukiwa sawa, mchoro nao utakuwa sawa na picha kwa ukubwa. Ila mkono wa kulia utatokea upande wa kushoto, kama ilivyo desturi ya vioo.

Sasa, kazi yote i katika ule ukingo. Tia rangi kidogo kwenye karatasi, kando kabisa ya ukingo, ukalinganishe na ionekanayo kiooni. Ikiwa nyeusi mno, ukingo utaonekana kama mstari. Ikiwa nyeupe mno, pia utauona. Zikilingana kabisa, ukingo hutoweka, na hujui tena kioo kinakwisha wapi na karatasi yaanza wapi. Hapo sogeza kichwa kidogo, uanze penginepo. Ni jambo la kustaajabisha, na mtu aliyelijaribu mara moja halisahau.

Kwa nini twahitaji msaada huo? Kwa sababu jicho letu halipimi rangi peke yake. Lapima pamoja na akili, na akili yapenda kusema yale iliyokwisha kuyajua. Mtazame mtu mwenye shati jeupe aliyeketi chini ya mwembe. Akili yasema “jeupe,” na mwanafunzi huchora jeupe. Kumbe pale kivulini shati lile ni la rangi ya majivu, na pengine lina ukijani wa majani. Kioo hakijui kwamba lile ni shati.

Mtu aliyekifanya kioo hiki kijulikane siku hizi ni Bwana Tim Jenison wa San Antonio, katika jimbo la Texas huko Marekani. Yeye ni mtu wa mitambo ya televisheni, wala si mchoraji. Alianza kwa kuichora picha ya kamera ya baba mkwe wake (kwetu kumkazia mkwe macho namna hiyo si adabu, lakini picha haikasiriki), akafaulu kuliko alivyotazamia. Ndipo akaingia jambo kubwa zaidi. Alikuwa akiwaza juu ya Johannes Vermeer, mchoraji wa mji wa Delft huko Uholanzi, aliyeishi kutoka mwaka 1632 hata 1675, ambaye mwanga wa dirisha katika picha zake ni kama mwanga wenyewe. Bwana Jenison alijenga chumba kizima kama kile cha picha iitwayo Somo la Muziki, iliyo katika hazina ya picha za kifalme za Uingereza. Akasugua lenzi kwa mikono yake, akasaga rangi za namna ya kale, akaketi kwa miezi mingi akichora zulia lile fundo kwa fundo. Filamu ya kazi hiyo ilitoka mwaka 2013, na yeyote aiangaliaye atamwona mtu aliyechoka mgongo na macho, aliyetamani mara nyingi kuacha. Kama hiyo ni hila, basi kulima kwa plau ni hila pia.

Je, yakini Vermeer alitumia kioo? Hapo wenye elimu hawapatani. Mchoraji Mwingereza David Hockney, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alidai kwamba mabingwa wengi wa kale walitumia vioo na lenzi. Wengine humpinga. Vitu vya nyumba ya Vermeer viliandikwa mwaka 1676, baada ya kufa kwake, wala katika orodha ile hakuna chombo cha namna hiyo. Tena katika picha zake nyingi limeonekana tundu dogo la pini, mahali ambapo mistari ya sakafu na kuta huelekea kukutana. Nalo laonyesha kwamba alivuta uzi kutoka pale ili kuinyosha mistari yake, kama fundi wa nyumba afanyavyo. Kwa maoni yangu ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka mwaka 2022, wataalamu wa makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam walipoipiga mionzi picha yake ya mwanamke amiminaye maziwa. Chini ya rangi waliona michoro ya haraka ya rangi nyeusi: ubao wa kutundikia magudulia nyuma ya kichwa cha yule mwanamke, na kikapu cha moto chini upande wa kulia. Vyote viwili Vermeer alivifunika, akauacha ukuta mtupu. Labda alitumia kioo, labda hakutumia. Lakini hakuna kioo kilichomwambia aondoe magudulia.

Kuna habari nyingine ifaayo hapa. Katika mwaka 1806 Mwingereza William Hyde Wollaston alipewa hati ya serikali ya kukilinda chombo chake kiitwacho kamera lusida, ambacho ni mche mdogo wa kioo juu ya kijiti cha chuma. Atazamaye ndani yake huona mandhari kana kwamba imelala juu ya karatasi, akaifuatisha kwa kalamu. Mwaka 1833 Bwana William Henry Fox Talbot alikwenda nacho kwenye ziwa Como, Italia. Ndani ya mche aliona uzuri wote wa ziwa. Alipoondoa jicho, karatasini palikuwa na mistari ya kusikitisha. Hasira ile ndiyo iliyomfanya atafute njia ya kuufanya mwanga ujichoree wenyewe, na mwaka 1839 alitangaza ufundi wake wa picha za kamera. Lakini rafiki yake, Sir John Herschel, mtaalamu wa nyota, alikaa Cape kule Afrika Kusini tangu 1834 hata 1838, akitumia chombo kile kile, na michoro yake ya milima na maua ni safi mno. Maua aliyachora yeye kwa mistari, na mkewe Margaret akayatia rangi. Chombo kimoja, watu wawili. Mmoja alikuwa na mkono uliozoea kalamu, na mwingine hakuwa nao.

Kwa hiyo kijana atakaye kujaribu na ajaribu bila haya, ila awaambie watu alivyofanya, na siku nyingine achore pasipo kioo. Kioo cha kunyolea chafaa kwa kuanzia. Lakini dawa yake ya kung'aza imepakwa nyuma, hivyo unene wa bilauri huacha mstari ukingoni. Kile kilichopakwa mbele ni bora, nacho chataka kufutwa polepole sana kwa kitambaa laini. Anza na rangi moja tu, nyeusi na nyeupe zikichanganywa. Zaidi ya yote, hakikisha kwamba picha na karatasi zapata mwanga ulio sawa. Karatasi ikiwa kivulini na picha iko dirishani, utazidisha rangi nyeupe bila kujua, na ukiipeleka kazi yako ukumbini jioni utaiona imepauka yote.