Mwingereza Naye Ana Mila

Kuna ada iliyokita mizizi katika shule zetu, nayo ni kulitumia neno 'mila' kana kwamba linatuhusu sisi peke yetu. Mkamba ana mila, Mgiriama ana mila, Mturkana ana mila. Mwingereza ana 'ustaarabu'. Mwanafunzi hufunzwa adabu za Kiingereza pamoja na sarufi yake, wala haambiwi kuwa adabu hizo nazo ni mazoea ya watu fulani wa kisiwa fulani chenye mawingu mengi.

Anayetaka kuliona jambo hili waziwazi na amtazame Mwingereza aliye ugenini, hasa yule aliyehamia Marekani. Huko lugha ni ile ile, au karibu ile ile, na maduka yamejaa vyakula vya kila namna. Hata hivyo, haipiti miezi mingi kabla hajashikwa na hamu. Na hamu yenyewe si ya Shakespeare wala ya Bunge la Westminster. Ni hamu ya Marmite, kitu kizito cheusi mithili ya lami, chenye chumvi kali, kinachotokana na hamira inayosalia baada ya bia kutengenezwa. Waingereza wamekuwa wakikipaka kwenye mkate tangu mwaka 1902, na asiyelelewa nacho akikionja hukunja uso. Ni hamu pia ya biskuti za digestive, ambazo kampuni ya McVitie's ilianza kuzioka mwaka 1892, na ambazo sharti zichovywe katika chai na kuopolewa upesi kabla hazijakatika zikazama.

Chai ndiyo kilio kikuu. Katika mikahawa mingi ya Marekani mteja huletewa maji ya moto yaliyokwisha kuanza kupoa, mfuko wa majani ukiwa kando juu ya kisahani. Kwa Mwingereza hilo ni karibu na tusi, kwani kwake maji sharti yawe yanatokota yanapokutana na majani. George Orwell, yule yule wa Shamba la Wanyama, alichapisha gazetini mnamo Januari 1946 kanuni 11 za kuandaa chai, mojawapo ikiwa kwamba chai itangulie kumiminwa ndipo maziwa yafuate. Lau mwandishi wa kwetu angetunga kanuni 11 za kusonga ugali, maandishi yake yangewekwa mara moja katika rafu ya mila na desturi.

Cha ajabu ni kwamba vitu hivi vinavyoliliwa si vya Uingereza kama vinavyodhaniwa. Cadbury ilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani ya Kraft mwaka 2010. Chupa ya HP Sauce ina picha ya Bunge la London, ilhali tangu mwaka 2007 mchuzi huo hutengenezwa Uholanzi. Na majani ya chai? Mengi huchumwa kwetu, Kericho na kwingineko. Lakini mwaka 2015 Hershey, yenye haki ya kutengeneza Cadbury nchini Marekani, ilipofikia mapatano na mwagizaji mmoja ili akome kuingiza chokoleti zilizotengenezwa Uingereza, wahamiaji Waingereza walilalamika kwa uchungu kama watu walionyang'anywa urithi. Siwacheki. Ulimi hauulizi kampuni ni ya nani. Hukumbuka ulichoonjeshwa utotoni.

Pamoja na hamu huja kujitambua. Mwingereza huyo hugundua kwamba akikanyagwa yeye ndiye huomba radhi, kwamba jambo zuri mno yeye huliita 'si baya', na kwamba hawezi kumwamkua mtu pasi na kuitaja hali ya hewa. Nyumbani hakuyaona hayo. Wahenga walisema nyani haoni kundule; nadhani hawakuongeza kwamba akihama msitu huenda akaonyeshwa.

Haya yanatuhusu walimu na wanafunzi. Vijana wetu wanaokwenda kusoma ng'ambo nao hutamani ugali, omena na mrenda, na baadhi yao huificha hamu hiyo kama aibu, wakiamini kuwa msomi hastahili kusumbuliwa na vyakula vya kijijini. Aliyewafundisha imani hiyo ni nani, ikiwa mwenye lugha waliyotahiniwa kwayo huagiza hamira ya bia kutoka ng'ambo ya bahari na kuilipia nauli bila soni?

Ningependa mwalimu wa fasihi simulizi awape wanafunzi wake kazi mbili. Kwanza, waieleze meza ya chai ya Mwingereza kwa macho yale yale wanayotumia kueleza jando au posa: nani humimina, kipi hutangulia, mwiko ni upi. Kisha wakieleze chakula cha jioni cha kwao kana kwamba wanakiona kwa mara ya kwanza. Kila insha iwe ya ukurasa mmoja, na mwalimu asishangae iwapo ile ya Marmite italichekesha darasa kuliko ile ya omena.