Kitalu nyumba kwenye shamba la kukodi, zege la nini?

Leo tuweke pembeni mbegu na mbolea, tuongee kuhusu miguu ya kitalu nyumba. Wengi wenu mnamwachia fundi aamue, na fundi siku zote anaamua zege.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama shamba ni la kukodi, usimwage zege. Tumia nanga za kuzungusha. Ni chuma kirefu kama mtaimbo, chini kina sahani iliyopindwa mithili ya skrubu. Unakizungusha kinazama ardhini, mguu wa banda unaufunga juu yake kwa bolti, na siku ya kuhama unakizungusha kinyume kinatoka.

Vijana wengi ninaowahudumia hawana ardhi yao. Wanakodi robo ekari, nusu ekari, mkataba wa miaka 2, aliyebahatika sana miaka 3. Bomba la chuma lililopakwa zinki likitunzwa linavuka miaka 10. Sasa umechukua mali ya miaka 10 ukaizika kwenye ardhi uliyo nayo kwa miaka 2, hiyo biashara ya wapi? Na kuna suala la sheria pia. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inapotafsiri neno ardhi inaingiza humo majengo na miundo iliyofungwa kwenye ardhi kwa namna ya kudumu. Sisemi wenye mashamba wote ni wakorofi, wengi ni watu wazuri tu. Ila siku mkitofautiana, zege lako linampa mwenzako hoja.

Kwenye kata yangu kuna kijana aliyehama shamba baada ya mkataba kuisha. Miguu ilikuwa kwenye zege, akaita mtu wa grainda akakata mabomba usawa wa ardhi. Sentimita 60 za kila nguzo zikabaki chini. Banda aliposimamisha shamba jipya likawa fupi kwa kiasi hichohicho, na huku kwetu joto si la mchezo, banda fupi ni oveni. Maua ya nyanya yalipukutika. Kule alikotoka, mwenye shamba alipoingiza trekta, plau ikagonga yale mabonge. Mpaka leo hawasalimiani vizuri.

Lakini hata kama ardhi ni ya kwako, kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: mnyauko bakteria. Mnaujua. Mche unanyauka mchana majani yakiwa bado ya kijani. Ukikata shina karibu na chini ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, unaona nyuzi za ute mweupe kama maziwa zikishuka taratibu. Ukishaona hivyo hakuna dawa ya kupulizia itakayokusaidia, na vimelea vinakaa kwenye udongo kwa miaka. Sisi maafisa ugani tunawaambia mbadilishe mazao, mtoke kabisa kwenye jamii ya nyanya, hoho, bilinganya na viazi mviringo. Ushauri ni sahihi, ila tuwe wakweli: nani atapanda mahindi ndani ya banda alilolinunua kwa mamilioni? Hakuna. Anarudia nyanya palepale, anapoteza tena, halafu anasema kilimo hakilipi.

Banda lenye nanga unalihamisha. Unalisogeza kwenye kipande ambacho hakijaguswa, upande wa juu ambako maji ya mvua hayatoki kwenye eneo bovu, na kule ulikotoka unapanda mahindi ya wazi. Angalizo moja tu: nanga zenyewe zinatoka na udongo. Zisugue, zioshe, zikauke juani kabla hujazipeleka sehemu safi, pamoja na mabuti na majembe. Vinginevyo umehama na ugonjwa wako.

Sasa nguvu. Hapa ndipo mafundi wananibishia sana. “Bwana shamba, bila zege upepo utalibeba.” Tufanye hesabu basi. Banda la mabomba na nailoni ni jepesi, kazi kubwa ya msingi wake si kubeba uzito, ni kuzuia lisinyanyuke. Upepo wa kilomita 72 kwa saa una nguvu ya kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Banda la mita 8 kwa 15 lina eneo la mita 120 za mraba, kwa hiyo kwa makadirio ya haraka ni kama tani 3 zinazotaka kulinyanyua. Ukiwa na nguzo 12, kila moja inavutwa kama kilo 250, na zile za kwenye kona zaidi. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

Shimo la zege la sentimita 40 kwa 40, kina 60, linabeba zege la kama kilo 230. Ongeza msuguano wa udongo pembeni, linatosha, ila usidhani ni mwamba. Na hapo kwa nguzo 12 umetumia mifuko kama 7 ya saruji ambayo huwezi kwenda nayo popote, achilia mbali kokoto, mchanga na siku za kumwagilia zege likomae. Nanga haitegemei uzito wake. Ili ing'oke lazima inyanyue udongo wote ulio juu ya ile sahani, donge linalotanuka kuelekea juu kama faneli. Tena si kitu cha jana. Mhandisi Alexander Mitchell wa Ireland, ambaye alikuwa kipofu, alipata hataza ya nguzo za skrubu mwaka 1833, na miaka michache baadaye zikabeba mnara wa kuongozea meli pale Maplin Sands, Uingereza, kwenye mchanga laini wa baharini. Banda lako la nyanya ni kitu kidogo.

Ukikosa za dukani, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukutengenezea. Sahani iwe nene, milimita 6 hivi, ichomelewe juu na chini, siyo kushikizwa vidoti. Kina kiwe angalau mara 5 ya upana wa sahani: sahani ya sentimita 15, zamisha sentimita 75 kwenda chini. Usitangulize shimo kubwa kwa jembe ndipo uweke nanga, hapo umeshaua nguvu yote. Na hesabu mizunguko. Kama nafasi ya ond ni sentimita 7, mizunguko 10 inatakiwa ikuzamishe kama sentimita 70. Ikiwa umezungusha 10 na imeshuka 40 tu, nanga inakoroga udongo badala ya kupenya. Itoe, sogea pembeni, anza upya ukiikandamiza.

Zipakwe zinki kwa kuchovywa. Rangi ya kopo inachubuka siku ileile ya kuzamisha, na kwa walioko Pwani na Tanga karibu na bahari kutu haina msamaha.

Kabla hujafunga banda, pima. Hii usiiruke hata ukiambiwa nini. Chukua bomba imara la mita 3 na sentimita 60. Liegemeze juu ya gogo lililokaa kwenye ubao mpana, gogo liwe sentimita 60 kutoka kwenye nanga. Funga ncha fupi kwenye nanga kwa mnyororo, halafu mtu wa kilo 60 aning'inie taratibu kwenye ncha ndefu. Upande mrefu ni mara 5 ya mfupi, kwa hiyo nanga inavutwa kilo 300. Asisimame mtu juu ya bomba wala karibu na mnyororo. Nanga ikitulia bila kupanda, endelea. Ikipanda, weka yenye sahani kubwa au nenda chini zaidi. Pima udongo ukiwa umelowa, maana udongo mkavu wa Agosti utakudanganya, halafu masika inakuja kukuumbua.

Kuna sehemu nanga hazifai na nisiwafiche. Penye mawe, kama maeneo mengi ya Mwanza, hutazungusha ufike popote. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, nanga fupi itasukumwa juu na chini mpaka ilegee, lazima uipite ile sehemu inayopasuka. Na mnara wa tenki la maji usiuguse kabisa. Lita 5,000 ni tani 5 zinazokandamiza chini, huo mwachie fundi wako na zege lake.

Kwenye mkataba wa shamba, ongeza mstari mmoja kabla ya kusaini: kwamba kitalu nyumba, mabomba na nanga zake ni mali ya mpangaji, na ana haki ya kuviondoa ndani ya siku 30 baada ya mkataba kuisha. Mwenye shamba asaini, mashahidi wasaini, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji.