Mti wa Dukani: Je, ni Bonsai ya Kweli?

Ukiingia katika duka la maua la mji mkubwa hukosi kuona mti mdogo uliopandwa katika chungu kifupi, shina lake nene limepinda kama nyoka, na majani yake madogo yanang'aa. Juu ya chungu kimebandikwa kikaratasi chenye neno moja tu: bonsai. Mnunuzi hulipa fedha nyingi kuliko alipiavyo mche wa kawaida, akiamini kwamba ameupata mti wa miaka mingi uliolelewa na fundi. Baada ya miezi michache majani yamepukutika, shina limekauka, na fedha ya nyumba imepotea bure. Basi, je, mti uliozalishwa kwa maelfu ili uuzwe madukani waweza kuhesabiwa kuwa bonsai ya kweli?

Yafaa tuanze na maana ya neno lenyewe. Bonsai ni neno la Kijapani lenye sehemu mbili: ya kwanza ni sinia au chombo kifupi, na ya pili ni kupanda. Maana yake basi ni kitu kilichopandwa katika sinia. Sanaa hii asili yake ni China, ambako huitwa penjing, nayo iliingia Japani karne nyingi zilizopita. Hakuna mti ambao kwa asili yake ni bonsai. Msonobari, mtarakwa, hata mkuyu, kila mmoja waweza kufanywa bonsai. Kwa hiyo mtu akuuziaye mbegu za bonsai amekuuzia mbegu za mti wa kawaida tu, ambazo ukizipanda shambani zitatoa mti mrefu kama ndugu zake.

Sasa tuutazame mti wa dukani ulivyotengenezwa. Ule ulio maarufu kuliko yote ni wa jamii ya mikuyu, ambao wataalamu huuita Ficus microcarpa. Kusini mwa China, na hasa katika jimbo la Fujian, mbegu zake hupandwa katika mashamba makubwa. Mizizi yake ikiwa bado ardhini huvimba mithili ya mihogo. Baada ya miaka michache mti hung'olewa, hupandwa upya huku mizizi ile minene ikiachwa juu ya udongo, na matawi yake hukatwa yote. Kisha hubebeshwa matawi machanga ya mkuyu mwingine wenye majani madogo. Hapo miti hutiwa katika makontena na kupelekwa ng'ambo. Unene ule unaomfanya mnunuzi adhani kwamba mti umekula chumvi nyingi ni unene wa mizizi, wala si wa umri.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Katika nchi kavu za Afrika Mashariki huota porini mti uitwao waridi la jangwani, wenye shina lililovimba chini na maua mekundu. Uvimbe ule ni ghala la maji ambalo mti hujiwekea kwa ajili ya kiangazi. Watu wa mataifa mengine, hasa Thailand, wameufanya kuwa zao la bustani, nao mara nyingi huuzwa kwa jina la bonsai. Umbo lake lapendeza, lakini amelifanya Mwenyezi Mungu, na fundi hajatia mkono wake.

Wako wanaosema kwamba kosa ni wingi: kitu kilichozalishwa kwa maelfu hakiwezi kuwa sanaa. Hoja hiyo haisimami. Huko Japani kwenyewe, katika eneo la Kinashi kwenye mji wa Takamatsu, misonobari ya bonsai hupandwa mashambani kwa safu, kama sisi tupandavyo kahawa. Sehemu kubwa ya misonobari ya bonsai ya Japani hutoka huko. Wakulima huizungushia waya michanga na kuipinda mmoja mmoja, huipunguza mizizi, na huirudia mwaka hata mwaka. Mti utokao shamba hilo huuzwa kwa mtu atakayeendelea na kazi pale walipoiachia wao. Wingi basi haukuuharibu.

Wengine husema kwamba cha maana ni uzee. Hao hupenda kuutaja msonobari mweupe ulioko katika bustani ya miti ya taifa ya Marekani, mjini Washington, ulioanza kulelewa mwaka 1625. Bwana Masaru Yamaki wa Hiroshima aliutoa zawadi mwaka 1976, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru wake. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya Hiroshima, mti huo ulikuwa nyumbani kwa akina Yamaki, yapata kilomita 3 kutoka mahali pa mlipuko, nao ukasalimika nyuma ya ukuta. Wamarekani waliokuwa wakiutunza waliipata habari hiyo mwaka 2001 tu, wajukuu wa Bwana Yamaki walipokwenda kuutazama. Lakini hata mti huo haukuheshimiwa kwa miaka yake peke yake. Milimani iko misonobari mizee ambayo hakuna aiitaye bonsai. Huu ni bonsai kwa sababu kizazi baada ya kizazi kiliupogoa, kikaunywesha na kuubadilishia udongo. Laiti kizazi kimoja kingelala, leo usingekuwapo.

Hukumu yetu basi ni hii. Bonsai ni mti pamoja na kazi ya kuulea isiyokwisha. Sare haimfanyi kijana kuwa askari siku anapoivaa. Mafunzo ndiyo yamfanyayo, na askari aachaye mazoezi hurudi nyuma. Kadhalika mti wa dukani umevikwa sare tu. Siku unapoununua, haujawa bonsai ya kweli, na muuzaji auitaye hivyo amelitumia jina kabla ya wakati wake. Lakini ni kuruta mwenye afya. Ukiulea, waweza kufuzu. Ukiuacha, utabaki ua la chunguni, kama haukufa.

Kwa yule atakaye kuulea, mambo machache yatamfaa. Kwanza, kabla ya kulipa, tazama kama vijiwe vya juu ya udongo vimegandishwa kwa gundi. Vikiwa vimegandishwa, vibandue ufikapo nyumbani, kwani huzuia maji na huficha udongo mbaya. Hakikisha pia kwamba chungu kina tundu chini.

Pili, ujue aina ya mti wako. Jamii ya mikuyu huvumilia kukaa ndani ya nyumba, karibu na dirisha lenye mwanga. Jamii ya mtarakwa yataka jua na upepo wa nje, na sebuleni hufa polepole huku rangi yake ikibaki ya kijani, hata mwenyewe asitambue mpaka wakati umepita.

Tatu, usimwagilie kwa kufuata kalenda. Tia kidole udongoni; ukikuta umeanza kukauka, unyweshe mpaka maji yatoke chini. Nne, tawi la mkuyu likitoa majani sita au manane, likate yabaki mawili au matatu, nalo litagawanyika na kunenepa. Ukizungusha waya ili kulipinda, uchunguze kila juma na uuondoe kabla haujaingia katika gome. Mwisho, kila baada ya miaka miwili au mitatu utoe mti chunguni, upunguze mizizi yake kiasi, na uupe udongo mpya usiotuamisha maji.

Kazi hii haina gharama kubwa: mkasi mkali, waya kidogo na saburi. Aidha yazifaa nyumba za watumishi wahamishwao mara kwa mara, kwani bustani huachwa nyuma, lakini chungu husafiri pamoja na mwenyewe. Nao watoto watajifunza humo maana ya methali ya wazee wetu: samaki mkunje angali mbichi. Mpeni kila mtoto zamu yake ya kunywesha, na baada ya miaka mitano ulizeni tena kama mti wenu ni bonsai ya kweli. Jibu mtaliona kwenye matawi yake.