Kabla ya kukunjua hema, kunjueni mioyo

Bila shaka umewahi kuyaona yale malori makubwa yaliyogeuzwa kuwa mabasi, yenye madirisha mapana ubavuni na hema zilizofungwa vizuri, yakitoka Nairobi asubuhi kuelekea Namanga. Ndani mmejaa vijana kutoka Uingereza, Ujerumani na Australia. Watapika wenyewe kando ya njia, watalala hemani, na baada ya majuma machache watakuwa kwenye Maporomoko ya Victoria. Wengine hawatasimama hadi Cape Town. Nasi huwapungia mkono, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu.

Leo ningependa tuulizane: kwa nini sisi hatumo?

Swali hili limeletwa na mama mmoja aliyetaka ushauri. Mumewe amestaafu baada ya miaka mingi ya kuhamishwa huku na huku, kazi iliyomfanya awaone watoto wake mwisho wa mwezi tu. Sasa amelipwa kiinua mgongo, na anasema kwamba likizo ya Agosti atampakia mkewe na watoto watatu garini, pamoja na hema na sufuria, waende kwa barabara hadi Mto Zambezi na kurudi. Kifungua mimba karibu ataondoka nyumbani kutafuta maisha. Mzee anaona kwamba asipowapata watoto wake sasa, hatawapata tena. "Je, amerukwa na akili?" mama huyo aliuliza.

Jawabu langu ni kwamba hajarukwa na akili hata kidogo. Lakini akifunga safari kabla ya kuketi na watu wake, atarudi na picha nzuri na nyumba iliyonuna.

Tuanze na njia yenyewe. Malori yale hayakuanza jana. Katika miaka ya 1970 kampuni za Uingereza zilikuwa zikileta wasafiri kutoka London kupitia Jangwa la Sahara na misitu ya Zaire hadi hapa Nairobi. Vita vya Algeria, na baadaye vya Zaire, vikaiharibu njia hiyo katika miaka ya 1990. Wakati huohuo kusini kulikuwa kukifunguka: Namibia ilijipatia uhuru mwaka 1990, na Afrika Kusini ikafanya uchaguzi wa watu wote mwaka 1994. Misafara ikageuza uso. Ndiyo maana Nairobi imekuwa mlango wa safari hii. Mlango uko kwetu, lakini wapitao ni wengine.

Na funguo tunazo. Wengi wa wageni wale hulipia viza ya kuingia Tanzania, wewe hulipii. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza Zambia wala Botswana, na tangu Januari 2023 hata Afrika Kusini humruhusu Mkenya kukaa hadi siku 90 kwa mwaka bila viza. (Hata hivyo sheria hubadilika; uliza kabla ya kuondoka.) Tena, kutoka hapa hadi Cape Town magari yote huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu.

Kutoka Nairobi hadi mji wa Livingstone, Zambia, ni karibu kilomita 3,000. Ukipitia Arusha na Babati, utafika Kolo wilayani Kondoa, penye michoro ya kale ya miambani iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Baada ya Dodoma utafika Iringa. Karibu na mji huo, pale Kalenga, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyewashinda Wajerumani vitani mwaka 1891 na kujiua mwaka 1898 asikamatwe akiwa hai. Fuvu hilo lilikuwa limepelekwa Ujerumani na halikurudishwa hadi mwaka 1954. Mtoto aliyesoma habari hizi darasani akasinzia, hatasinzia akisimama mbele ya fuvu lenyewe.

Kuanzia Makambako utakutana na reli ya TAZARA, ambayo itakuacha na kukurudia mara kwa mara hadi Kapiri Mposhi. Wachina, Watanzania na Wazambia waliijenga kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860, kwa sababu Zambia ilihitaji njia ya kupitisha shaba yake bila kumpigia magoti Ian Smith wa Rhodesia. Ukishavuka mpaka wa Tunduma na Nakonde, njia hupitia Chinsali, na karibu na hapo, kwenye misheni ya Lubwa, ndipo alipozaliwa Kenneth Kaunda mwaka 1924.

Kisha utawasili Livingstone, penye maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, kabla mgeni yeyote hajayapa jina la malkia. Upana wake ni mita 1,708 na kimo chake mita 108. Mwezi wa Aprili maji huwa mengi hata mvuke hukuzuia kuona. Novemba upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu sehemu kubwa. Agosti ni wakati mzuri: maji yapo, macho yanaona, na mvua hakuna. Ila beba sweta na blanketi nzito, kwani usiku wa huko wakati huo ni baridi kali.

Ukiwa na siku mbili zaidi, nenda Kazungula. Zamani watu na malori walivuka Zambezi hapo kwa kivuko na kungoja kwa siku nyingi. Mei 2021 lilifunguliwa daraja la mita 923, na sasa unavuka kuingia Botswana kwa gari lako. Ng'ambo ni mji wa Kasane na mbuga ya Chobe. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Botswana ina tembo wapatao 130,000, kwa hiyo hutawatafuta kwa darubini.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kadi za njano ni mbili, na usizichanganye. Ya kwanza ni ya mwili wako: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yako yote. Ya pili ni ya gari: bima ya COMESA, ambayo hutumika Tanzania na Zambia. Botswana haimo katika mpango huo, hivyo utalipa ya kwao mpakani. Kama gari si lako, beba barua ya mwenyewe. Beba pia vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama mzazi mmoja hayumo safarini, idhini yake iliyoandikwa. Usingoje kuulizwa ndipo ukumbuke kwamba vimebaki kabatini.

Usinunue nyama nyingi Livingstone ukitumaini kuichoma Kasane. Botswana huuza nyama ya ng'ombe Ulaya na huogopa mno ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hiyo nyama mbichi na maziwa huweza kuchukuliwa mpakani, nawe ukaambiwa ukanyage dawa kwa viatu vyako. Kula kabla ya kuvuka.

Kuhusu chakula usiwe na wasiwasi. Ugali wako utakufuata ukibadilisha jina tu: Zambia utauita nshima, Botswana phaleche. Maji yatakuwa amenshi kwa Wabemba, madzi kwa Kinyanja, na metsi kwa Watswana. Watu ni abantu, anthu, batho. Watoto wako wataanza kushindana kuyatambua maneno haya kabla hujawaambia kwamba lugha hizi ni ndugu.

Yote hayo, msomaji, ni mepesi. Lililo gumu ni watu watano kuishi majuma matatu ndani ya gari moja na hema mbili. Nilipozidi kuzungumza na yule mama, niligundua kwamba hofu yake haikuwa Tunduma wala tembo. Alikuwa akijiuliza ni nani atakayepika.

Ana haki. Ikiwa mama atapika Iringa, apike Mpika, apike na Livingstone, halafu aoshe sufuria kwa maji baridi huku wengine wakiota moto, basi yeye hakusafiri. Ni jiko lake tu lililohamishwa. Katika malori yale ya wageni hakuna mpishi wa kudumu aliyeumbwa hivyo. Abiria hugawanywa makundi, na kila kundi lina zamu yake: hawa leo wanapika, wale wanaosha vyombo, wengine wanapakia mizigo. Mwanamume na mwanamke, wote huinama. Fanyeni vivyo hivyo. Ziandikeni zamu kabla ya kuondoka, jina la baba likiwemo, na karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa gari.

Jambo la pili ni fedha. Kiinua mgongo si posho ya safari. Kwanza tengeni ada, matibabu na paa la nyumba. Kinachobaki ndicho cha kutembelea. Kikiwa kidogo, geukieni Iringa, wala hakuna atakayewacheka. Usisafirie nyota ya mwenzio. Fedha za chakula, kambi na mafuta ziwe katika mfuko mmoja wenye mtunzaji mmoja, na mtunzaji huyo asiwe dereva. Kila jioni asome hesabu mbele ya wote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika safari hupotea pamoja na urafiki. Mkienda familia mbili kwa kushirikiana, gharama ya kila mmoja hupungua, lakini daftari huwa la lazima zaidi.

La tatu ni mwendo. Kilomita 400 kwa siku zatosha. Usiendeshe usiku: kuna ng'ombe, baiskeli zisizo na taa, na malori yaliyoharibika katikati ya njia. Ukivuka Tunduma rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, na ujue kwamba huko giza huingia mara tu baada ya saa kumi na mbili. Kufikia saa kumi alasiri hema ziwe zimesimama. Kila siku ya nne pumzikeni. Baba anayetaka kufika haraka aulizwe kwa upole: unakwenda kuona, au unakwenda kurudi?

La nne ni hema zenyewe. Usipige hema kwenye njia ya viboko iendayo mtoni. Usiweke chakula ndani, hasa machungwa, kwani tembo huyanusa kutoka mbali na hema kwake ni kama ganda la ndizi. Chandarua ni lazima, na dawa za kuzuia malaria uulize kwa daktari kabla ya kuondoka. Usiku hakikisha kila mtu ana tochi yake, na mtoto asitoke peke yake kwenda haja.

La mwisho, na ndilo husahauliwa, ni nafasi. Mtu mzima huhitaji saa moja ya kuwa peke yake, kijana huhitaji mbili. Kijana akinyamaza kutoka Dodoma hadi Iringa, mwache. Ataongea usiku, mbele ya moto, wakati hakuna mlango wa chumba cha kujifungia. Mzee wetu anayetaka kuwapata watoto wake atawapatia hapo, si kwenye maporomoko. Lakini atawapata ikiwa yeye mwenyewe amekubali kuketi chini akimenya viazi.

Basi kabla hujanunua hema, fanya jaribio. Azima moja, nendeni Naivasha siku mbili na watu walewale unaotaka kwenda nao. Atakayelalamika Naivasha atalia Nakonde, na ni heri ujue mapema, mngali karibu na nyumbani. Jioni hii, baada ya chakula, chukua daftari la shule uite watu wako mezani. Ukurasa wa kwanza andikeni mnachotaka kuona, kila mmoja kitu kimoja, na mdogo aanze. Ukurasa wa pili andikeni ni nani atakayefanya nini. Ukurasa huo wa pili ukijaa bila ugomvi, mko tayari kwa safari, hata kama fedha zitachukua miaka miwili kupatikana. Ukileta ugomvi, umalizeni hapohapo mezani, maana mkiupakia utavuka nanyi kila mpaka.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia safari njema, ya karibu au ya mbali.