SETILAITI JUU, CHETI MFUKONI, KIKAPU MGONGONI



Wako wenzetu wasemao kwamba mambo ya ndege na setilaiti hayawahusu wachuma chai. Yatuhusu sana.

Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka California. Twawapongeza vijana wa Kenya walioibuni. Lakini ulizeni iliundwa na kupimwa wapi. Ni pamoja na kampuni ya Bulgaria, kisha ikapanda roketi ya Wamarekani. Shilingi milioni 50 zilitumika. Na si jambo jipya. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ilirushwa baharini karibu na Malindi, katika kituo cha Waitaliano cha San Marco, ikaitwa UHURU kwa heshima ya sikukuu yetu. Jina letu, bahari yetu, ufundi wa wengine!

Watu hudhani injinia ni yule achoraye ndege tu. Yuko mwingine, injinia wa kiwandani. Huyu ndiye aamuaye tundu lipi litobolewe kwanza, keekee gani itumike, nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani, na nani akague na kutia sahihi. Kila kipande kina nambari na karatasi yake. Kikivunjika baada ya miaka 20, aliyekifanya ajulikana. Kazi hiyo haifundishwi kwa kitabu peke yake. Yafundishwa karakanani, kando ya fundi mwenye mafuta mikononi. Injinia asiyemsikiliza fundi huandika maagizo mazuri, kumbe mkono haufiki penye nati.

Karakana hizo ziko wapi? Vijana wetu wamaliza vyuo vya ufundi, warudi hapa na vyeti vyao kuchuma chai. Na hata chai yanyakuliwa na mashine. Mei 2023 huko Kericho mashine za kuchuma zilichomwa moto. Hatusifu moto: tajiri hununua nyingine, na aliyechoma hufungwa. Lakini mashine hizo nazo zaja sandukuni kutoka ng'ambo, na vipuri vyake vyaagizwa huko huko. Halafu mwajiri atuambia hatuna ujuzi! Nani alikataa kutufundisha?

Wengine husema Mwafrika hawezi kazi ya ndege. Upuuzi. East African Airways, iliyovunjika mwaka 1977, ilikuwa na karakana yake Embakasi, na hata leo Wakenya watengeneza ndege kubwa pale pale. Kutengeneza twaweza; kuunda ndiko tunakofungiwa mlango.

Basi tawi lidai hivi katika mapatano yajayo: mashine isiingie shambani kabla wachumaji hawajafundishwa kuitengeneza, tena kwa mshahara kamili siku za mafunzo. Na Serikali inunuapo chombo ng'ambo, mkataba utaje nafasi za mafundi wa karakanani, idadi yao na miezi yao, si mainjinia wa ofisini peke yao. Mwenye neno la kuongeza alete kwa Katibu kabla ya mkutano.